Kabla Fedha ya Korosho Haijalipa Ada: Namna ya Kuhakiki Chuo na Cheti

Minada ya korosho ya Tandahimba na Newala hufunguliwa Oktoba, na malipo huendelea kuingia kwenye akaunti za wakulima hadi kuelekea mwisho wa mwaka. Januari, fedha hiyo ikiwa haijaisha, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hutangaza matokeo ya kidato cha nne. Wiki hizohizo stendi, nguzo za umeme na makundi ya WhatsApp hujaa matangazo ya vyuo: nafasi zimebaki chache, hata waliofeli wanapokelewa, hosteli ipo, ajira ni uhakika.

Ndipo linapoulizwa swali lilelile, kuanzia Mahuta hadi Kitama, kwa mwalimu, kwa mtendaji wa kijiji, kwa yeyote anayedhaniwa kuwa anajua: hiki chuo ni cha kweli? Na cheti chake kitakubalika? Makala haya yanampa mzazi, mwanafunzi na mwajiri hatua za kujijibia mwenyewe, bila kumtegemea dalali.

Cheti feki cha mwenzako kinavyokugharimu

Wapo wanaosema cheti feki ni dhambi ya aliyekinunua, wengine hayawahusu. Yaliyotokea nchini yanaonyesha vingine.

Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti na Waziri wa Utumishi, Angellah Kairuki. Watumishi wa umma 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Vilikuwapo pia vyeti 1,538 vilivyokuwa vikitumiwa na mtu zaidi ya mmoja. Wenye vyeti vya kughushi walipewa hadi tarehe 15 Mei wawe wameondoka kazini, la sivyo washtakiwe. Ndani ya orodha walikuwamo walimu na watumishi wa afya, na vituo ambavyo tayari vilikuwa na watu wachache vikazidi kupungukiwa.

Walioumia hawakuwa hao peke yao. Juni 2016 Serikali ilikuwa imesimamisha ajira mpya na upandishaji wa vyeo kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na uhakiki wa vyeti ukafuata. Kijana aliyemaliza chuo kihalali mwaka huo alikaa nyumbani akisubiri. Mwalimu aliyestahili kupanda daraja hakupanda. Na wapo waliotajwa kimakosa, wakalazimika kukata rufaa na kuthibitisha uhalali wa vyeti vyao ndipo wakarudishwa kazini.

Nje ya nchi hali ni hiyohiyo. Desemba 2023 mwandishi wa habari wa Nigeria, Umar Audu, aliandika katika gazeti la Daily Nigerian jinsi alivyopata shahada ya chuo kimoja cha Cotonou, Benin, kwa muda usiofika miezi miwili, bila kukaa darasani. Tarehe 2 Januari 2024 serikali ya Nigeria ikasimamisha kuzitambua shahada kutoka Benin na Togo, na waziri wake wa elimu akasema hatua hiyo itafika nchi nyingine, zikiwamo Kenya na Uganda. Aliyesoma Benin miaka yote inayotakiwa akajikuta kwenye kapu moja na aliyenunua.

Kenya nayo ilipata aibu yake. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya nchi hiyo ilitangaza kuwa imebaini vyeti 2,067 vya kughushi miongoni mwa watumishi wapatao 28,000 waliohakikiwa.

Kila orodha ya namna hii ikitoka, mwajiri hupunguza imani yake kwa karatasi zote. Mwenye cheti safi huanza kuulizwa maswali, kusubirishwa na kulipia uhakiki ambao mwanzo haukuhitajika. Gharama hiyo anailipa kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Feki ziko za aina nne

Watu wengi wakisikia neno feki huwaza karatasi iliyochapwa uchochoroni. Hiyo ni aina moja tu.

1. *Cheti cha kughushi cha taasisi halali.* Jina la NECTA au la chuo kikuu kinachojulikana, lakini taasisi yenyewe haina kumbukumbu yake. Wakati mwingine cheti ni cha kweli ila alama zimebadilishwa, F ikafanywa C.

2. *Cheti cha kuazima.* Karatasi ni halali, anayeitumia siye mwenyewe. Kaka alifaulu akaenda kwenye biashara, mdogo wake akachukua cheti na jina akaajiriwa nalo. Vijijini jambo hili huonekana kama kusaidiana ndani ya ukoo, na ndiyo hasa yale ya vyeti 1,538.

3. *Chuo hewa kinachouza shahada.* Kina tovuti nzuri, picha za majengo na majina ya maprofesa, lakini hakina darasa wala mtihani. Mfano mkubwa ni kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyofichuliwa na gazeti la New York Times Mei 2015. Ilikuwa na tovuti zisizopungua 370, nyingi zikijifanya vyuo na shule, na nyingine zikijifanya mashirika ya kutoa ithibati kwa vyuo hivyohivyo. Mkuu wake, Shoaib Sheikh, alihukumiwa kifungo mwaka 2018. Kabla ya hapo, kundi la Spokane, Marekani, lililouza shahada kwa jina la Saint Regis University lilidai kuwa chuo hicho kinatambuliwa na Liberia. Viongozi wake walifungwa mwaka 2008.

4. *Chuo cha kweli, kozi isiyo na kibali.* Hii ndiyo inayowaumiza zaidi wazazi waaminifu. Majengo yapo, walimu wapo, na kozi mbili tatu zimesajiliwa. Kozi aliyoandikishwa mtoto haimo. Mwanafunzi anasoma kweli, anafaulu kweli, na mwisho cheti chake hakiingii popote.

Hatua sita kabla ya kulipa hata shilingi

*Kwanza, jua nani anasimamia.* Ngazi ya elimu ndiyo inayokuelekeza kwa msimamizi:

- Kidato cha nne, kidato cha sita na mitihani ya ualimu ya ngazi ya cheti na stashahada: NECTA.
- Vyuo vya kati, yaani astashahada na stashahada za afya, biashara, kilimo, uhandisi na nyinginezo: Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, ambalo hadi 2021 liliitwa NACTE.
- Vyuo vikuu: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza kazi mwaka 2005.

*Pili, tafuta jina la chuo kwenye orodha ya msimamizi.* TCU na NACTVET hutoa orodha na miongozo ya udahili kwenye tovuti zao. Andika jina kamili, herufi kwa herufi. Matapeli hupenda majina yanayokaribiana na ya vyuo vikubwa: wanageuza neno moja tu, na macho ya mtu mwenye haraka hayaoni.

*Tatu, tafuta kozi, si chuo peke yake.* Angalia kama kozi anayotaka mtoto imo, kwa ngazi anayotaka. Chuo kinaweza kuruhusiwa kufundisha uuguzi ngazi ya cheti na kisiwe na ruhusa ya stashahada.

*Nne, tafuta tawi.* Kibali cha chuo kilichoko Dar es Salaam hakifuniki chumba kilichopangishwa Masasi mjini na kuandikwa jina lilelile mlangoni. Uliza kama kituo hicho nacho kimetajwa.

*Tano, linganisha sifa za kujiunga.* Mwongozo hutaja alama zinazotakiwa. Kwa uuguzi na utabibu, ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia ni sharti. Kwa shahada ya kwanza, mhitimu wa kidato cha sita anatakiwa awe na angalau masomo mawili ya tahasusi aliyofaulu kwa jumla ya pointi zisizopungua 4.0. Mtu akikuambia "hilo tutalimaliza ofisini", amekwisha kukuambia chuo chake ni cha namna gani.

*Sita, lipa kwa taasisi.* Vyuo vya Serikali hutoa kumbukumbu namba ya malipo. Vyuo binafsi vina akaunti ya benki yenye jina la chuo. Namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijiita mkuu wa udahili, si akaunti ya chuo. Risiti itunzwe hata baada ya mtoto kuhitimu.

Asiye na intaneti asikate tamaa. Ofisi ya elimu ya wilaya ipo, na shule za sekondari zina walimu wanaofungua kurasa hizo kila mwaka kwa ajili ya wanafunzi wao. Mzazi aende na tangazo lenyewe mkononi, awaombe waangalie pamoja naye.

Dalili za kukutia shaka

Dalili moja inatosha kukusimamisha. Zikiwa mbili au tatu, ondoka.

- Shahada kwa miezi, au stashahada kwa wiki. Shahada ya kwanza nchini haipungui miaka mitatu.
- Ada inayotajwa kwa cheti kizima, kama bei ya bidhaa, badala ya kwa mwaka au muhula.
- Ahadi ya ajira serikalini. Hakuna chuo chenye mamlaka hayo.
- Kukuharakisha: "leo ndiyo mwisho", "imebaki nafasi moja."
- Kuonyeshwa cheti cha BRELA kama uthibitisho. Huo ni usajili wa kampuni au biashara, nao hauipi kampuni ruhusa ya kufundisha wala ya kutunuku.
- Ithibati ya shirika la nje usilolijua, bila TCU wala NACTVET kutajwa.
- Shahada kwa "uzoefu wa maisha" bila mtihani.
- Udaktari wa heshima unaolipiwa. Shahada ya heshima, hata ikitolewa na chuo kikubwa, ni heshima tu. Haimpi mtu sifa ya kufundisha, kutibu wala kuajiriwa.

Kwa mwajiri: cheti kikiwa mezani

Mwenye duka la dawa, mwenye shule binafsi, meneja wa chama cha msingi anayetafuta mhasibu: hawa nao huletewa vyeti, na wengi huishia kutazama muhuri. Muhuri ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuchonga.

Chukua cheti cha kidato cha nne. Tazama namba ya mtahiniwa. Ikianza na S, alifanya mtihani shuleni. Ikianza na P, alikuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Tarakimu nne zinazofuata ni za kituo, na nne za mwisho ni za mtahiniwa. Sasa fungua matokeo ya mwaka huo kwenye tovuti ya NECTA, tafuta kituo, kisha namba. Utaona jinsia, jumla ya pointi, daraja, na alama ya kila somo. Vyote vilingane na karatasi. Ikiwa karatasi inasema C ya Hisabati na ukurasa unasema F, au aliyekaa mbele yako ni mwanamume na ukurasa unaonyesha F kwenye jinsia, usiendelee.

Pointi zenyewe pia husema. Kwa utaratibu wa sasa daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, na la nne 26 hadi 33. Cheti cha mwaka jana chenye daraja la pili na masomo saba bora yanayojumlisha pointi 24 kina kasoro.

Hapa pana tahadhari. Utaratibu wa madaraja umewahi kubadilika. Matokeo ya 2013 yalikuwa na mipaka tofauti ya pointi, na ya 2014 yalitangazwa kwa wastani wa pointi, kwa majina ya Distinction, Merit, Credit na Pass, kabla ya madaraja kurudishwa kwa matokeo ya 2015. Mwajiri asiyejua hilo anaweza kumfukuza mhitimu wa 2014 mwenye cheti halali kabisa. Macho yatumike kuuliza maswali, lakini hukumu iachiwe taasisi iliyotoa cheti.

Na ukurasa wa matokeo ya miaka ya karibuni hauonyeshi jina. Unathibitisha kuwa namba fulani ilipata alama fulani, lakini hauthibitishi kuwa mtu huyu ndiye mwenye namba. Kwa hiyo fanya haya:

1. Dai cheti halisi. Kivuli hakitoshi, hata kikiwa na muhuri wa wakili.
2. Linganisha majina na kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa.
3. Angalia picha. Vyeti vya NECTA vya miaka ya karibuni vina picha ya mhitimu.
4. Iandikie NECTA au chuo husika kuomba uthibitisho. Tumia anwani uliyoitafuta mwenyewe. Ile iliyoandikwa kwenye cheti au aliyokupa mwombaji iache.
5. Kwa kada za afya, omba leseni hai. Muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga, mfamasia ana Baraza la Famasi, daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika. Cheti bila leseni hakimruhusu mtu kumgusa mgonjwa.

Mahojiano mafupi nayo husaidia. Muulize mwombaji majina ya walimu wake, mahali alipofanyia mafunzo kwa vitendo, somo lililomsumbua. Aliyesoma hujibu bila kujikaza.

Cheti kilichotoka ng'ambo ya Ruvuma

Familia nyingi za uwanda wa Makonde zina ndugu Msumbiji, na watoto wengine wamesoma huko. Cheti cha Msumbiji si feki kwa sababu kimeandikwa Kireno. Kinahitaji tu kulinganishwa. Cha sekondari hupelekwa NECTA, cha chuo cha kati NACTVET, na shahada TCU. Tafsiri rasmi iandaliwe mapema, maana hapo ndipo wengi hukwama tarehe ya kuomba chuo ikiwa imekaribia.

Kwa anayetaka kwenda kusoma nje, iwe Uganda, India au China, swali aliulize TCU kabla ya kukata tiketi. Kusubiri hadi siku ya kurudi na shahada kumewapotezea watu miaka.

Wenye cheti halali, jilindeni

Cheti halali kinaweza kutiliwa shaka kwa uzembe wa mwenyewe. Makosa yanayojirudia ni haya:

- *Majina yasiyolingana.* Shuleni mtoto aliandikwa Hamisi Mohamedi, NIDA akaandikwa Khamis Muhammad, cheti cha kuzaliwa kikawa na jina la babu peke yake. Rekebisha kabla ya kidato cha nne, wakati taarifa za usajili wa mtihani bado zinaweza kusahihishwa shuleni. Ukichelewa, itabidi upite kwa wakili kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, na kila ofisi itauliza.
- *Kuazimisha cheti.* Usimpe mtu cheti chako, awe mdogo wako wa tumbo moja. Siku uhakiki ukifika, mfumo utaona watu wawili kwa namba moja, na wewe mwenye haki utatakiwa kujieleza.
- *Kukiweka plastiki ya moto pale steshenari.* Karatasi ikishafunikwa, alama zake za usalama hazikaguliki vizuri. Bahasha ngumu inatosha.
- *Kurusha picha ya cheti mtandaoni.* Furaha ya mahafali inaeleweka, lakini picha yenye namba, jina na sahihi ni malighafi ya mghushi. Piga picha ya joho.
- *Kukaa kimya cheti kikipotea.* Nenda polisi upate ripoti ya kupotelewa, kisha fuata utaratibu wa NECTA au wa chuo chako. Usimpe kishoka kazi ya "kukutengenezea kingine". Hapo ndipo mhitimu wa kweli anapogeuka mwenye cheti cha kughushi.

Aliyesoma chuo cha kati na anataka shahada aombe mapema NACTVET namba ya uhakiki wa tuzo yake, ile wanafunzi wanayoiita AVN. Vyuo vikuu huitaka wakati wa udahili.

"Lakini..."

*"Mbona wanasiasa hawakuguswa?"* Ni kweli kwamba uhakiki wa 2017 haukuwahusu wenye nyadhifa za kisiasa, na wananchi walilisema hilo waziwazi. Manung'uniko hayo yana haki. Udaktari wa mashaka wa wakubwa ulishaandikiwa hata kitabu, *Mafisadi wa Elimu* cha Kainerugaba Msemakweli. Lakini karani wa kijiji akikamatwa na cheti cha kughushi, hoja hiyo haitamwokoa mahakamani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaruhusu kifungo cha hadi miaka 7 kwa kughushi.

*"Anafanya kazi vizuri kuliko wenye vyeti."* Inawezekana, hasa kwa kazi za mikono. Basi ujuzi wake upimwe kihalali. VETA ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunza kazini: anapimwa, anajazwa anapopungukiwa, anapata cheti. TCU nayo ina mtihani kwa wenye uzoefu wanaotaka kuingia chuo kikuu. Mtihani huo humfungulia mtu mlango wa kusoma, haumpi shahada.

*"Nilikuwa darasa la saba, nikatakiwa cheti cha kidato cha nne ili nibaki kazini."* Hili liliwapata wengi. Lakini tazama lilivyoishia. Mwaka 2018 Serikali iliwarudisha kazini watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 na kuondolewa kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Waliokuwa wamewasilisha cha kughushi hawakurudi. Ukweli wa darasa la saba uliwafaa kuliko uongo wa kidato cha nne.

*"Waliofukuzwa walilipwa."* Oktoba 2022 Serikali ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Novemba wangerejeshewa michango ambayo wao wenyewe walikatwa kwenye mishahara. Mchango wa mwajiri haukuwamo. Mtu aliyetumikia miaka 20 alirudi nyumbani bila pensheni.

*"Chuo cha mtandaoni si ni feki tu?"* Hapana. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992, na shahada zake za masafa ni halali kama za chuo kingine chochote. Kinachotenganisha ni ithibati, mitihani na muda wa masomo. Kama mhadhara unasikilizwa ukumbini au kwenye simu, hilo halibadilishi kitu.

Kama fedha imekwisha kutoka

Kwa aliyelipa chuo hewa:

1. Acha kulipa zaidi. Tapeli huomba "ada ya mwisho" mara nyingi.
2. Hifadhi ujumbe wa simu, miamala, matangazo na majina. Usifute kitu kwa hasira.
3. Ripoti polisi, na uijulishe TCU au NACTVET kwa maandishi. Kama rushwa ilidaiwa, TAKUKURU wana ofisi zao wilayani.
4. Waambie wazazi wenzako. Aibu ya mmoja ikifichwa, msimu ujao watalipa kumi.

Kwa anayesoma kozi ambayo baadaye imebainika haina kibali: aonane na msimamizi mapema, kabla ya kumaliza. Kuhama akiwa mwaka wa kwanza kuna hasara ndogo kuliko kuhitimu na karatasi isiyokubalika.

Kwa aliyekwisha kuajiriwa kwa cheti kisicho chake, ushauri hauna mzunguko: aonane na wakili, kisha ajiondoe. Kila mshahara unaoingia unakuza kosa. Kenya, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC) imekuwa ikiwafungulia kesi watu wa namna hiyo kuwadai mishahara waliyolipwa.

Kwa aliyefeli: milango iliyo wazi

Wanaonunua vyeti wengi wao walipata daraja la nne au sifuri wakaambiwa maisha yamekwisha. Hayajaisha, na zipo njia zenye gharama ndogo kuliko hongo ya dalali.

- *Kurisiti.* Jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, ufanye masomo uliyoanguka. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo usisubiri hadi Juni.
- *Mtihani wa maarifa.* Ni kwa ambaye hakupita sekondari ya kawaida na anataka kufika kidato cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hutoa masomo ya kumwandaa.
- *Ufundi stadi.* VETA ipo Mtwara, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo Masasi na Newala. Fundi umeme au mshonaji mwenye cheti cha VETA hahitaji daraja la pili.
- *Kurudi shule.* Tangu Novemba 2021 wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurejea. Mzazi asikubali kuambiwa kwamba binti yake hana njia ila kununua.

Matokeo ya kidato cha nne yatatoka Januari kama kila mwaka, na mawakala watapanda mabasi kuja Tandahimba. Mzazi, usimlipe hata mmoja siku hiyohiyo. Chukua tangazo lake, nenda kwa mwalimu wa shule iliyo karibu, fungueni orodha ya TCU au NACTVET, tafuteni chuo, kozi na tawi. Kimojawapo kikikosekana, fedha ibaki benki, na jina la chuo hicho waambiwe wazazi wote wa kijiji.